Mfumo Wangu Umemtania Mkwe

Jamani, leo sina pa kuuweka uso. Naandika haraka haraka, nikikosea herufi mnivumilie.

Mnajua nimetengeneza mfumo wa wafanyabiashara wa parachichi. Mtu anatuma hati ya mzigo, mfumo unaikagua, kisha unamjibu palipokosewa. Aliyekuwa akiujaribu ni Komba, mwenzangu hapa ofisini Iringa. Yeye Mngoni, mimi Mhehe. Watani tangu enzi za mababu! Tunatukanana kutwa na hakuna anayenuna. Sasa ningemjibuje kistaarabu? (Angedhani naumwa.) Majibu yote ya makosa nikayaandika kiutani.

Leo asubuhi tumewafungulia wateja. Majibu sikuyabadilisha. Nimesahau, basi!

Na mteja wa kwanza ni nani? Baba yake Tusekile, mchumba wangu. Mzee wa Kinyakyusa, anaishi Soweto, Mbeya. Nilimbembeleza mwenyewe aanze yeye, nipate sifa kabla wazee wangu hawajapeleka barua ya posa Jumamosi.

Mara simu. Mkwe!

"Shikamoo baba!" Nikasimama (utadhani ananiona).

"Marahaba. Nimetuma hati yangu. Ngoja nikusomee nilivyojibiwa." Akakohoa. "'Uzito haupo. Umeula njiani, mlafi wewe?'"

Mungu wangu!

"Nikaweka uzito, nikatuma tena. 'Tarehe imekosewa. Kalenda mmefungia vitumbua?' Nikarekebisha, nikatuma. 'Jina halipo. Hata jina lako hulijui, mtumwa wangu?'"

Nikasikia sauti ya mama mkwe kwa nyuma: "Ati mtumwa?!" Kumbe simu iko spika! Familia nzima inasikiliza!

"Baba, nisamehe, hayo nilimwandikia mtani wangu, Komba..."

"Mimi ni Komba?"

"Hapana, baba."

"Mimi ni mtani wako?"

"Hapana kabisa, baba!"

Mtani wangu mwenyewe yuko chini ya meza, anacheka mpaka machozi. Mimi jasho linanitoka, na baridi yote hii ya Iringa. Nikajua ndoa imekwisha kabla ya kuanza.

Mzee akakohoa tena.

"Jumamosi wazee wako waje na hiyo barua," akasema. "Nitaikagua mwenyewe. Palipokosewa nitawajibu. Kosa moja moja. Warekebishe, warudi tena."

Akakata.

Kutoka Iringa mpaka Mbeya, jamani! Kosa moja moja!

Atakayecheka hapa, ndiye atakayeibeba hiyo barua.