Baiskeli Isiyotamanika

Jumatatu, 6 Mei
Wezi wa baiskeli wameingia mtaani. Juzi wamebeba ya muuza maziwa, mchana kweupe. Mke wangu kanikabidhi ulinzi wa yake. Yeye ni fundi cherehani. Jumamosi anapeleka sare za shule nzima, na mwalimu mkuu kasema akichelewa tu, kazi inakwenda kwa fundi mwingine. Jirani yangu kinyozi amenunua kufuli kubwa kama kichwa cha mbuzi. Kanishauri nami ninunue. Nimecheka hadi mbavu zikauma. Kufuli linamtangazia mwizi kwamba hapa kuna mali! Mimi natumia akili.

Jumanne, 7 Mei
Kazi imekamilika. Nimeipaka baiskeli masizi na matope, nikaizungushia matambara, nikatoa upepo, nikang'oa kiti na kukitia mkobani. Inatia huruma! Mwizi gani ataitamani? Mama mkwe, aliyewasili leo kutusalimia, kaikodolea macho, kaguna. Kinyozi kaniita Injinia, kauliza kama imegongwa na treni. Wivu mtupu.

Jumatano, 8 Mei
Baiskeli haipo! Ya kinyozi ipo, na kufuli lake. Mke wangu hakupiga kelele. Aliuliza tu kama sare atazibeba yeye kichwani au nitazibeba mimi. Nikakimbilia polisi. Askari akataka maelezo. Nikampa: ina masizi, ina matambara, haina upepo, haina kiti. Akaweka kalamu chini. Akasema, mzee, hiyo haikuibiwa, hiyo imezikwa. Nimetoka kichwa juu. Hata serikali haikuitambua thamani yake. Kazi safi!

Alhamisi, 9 Mei
Siri imefichuka wakati wa chai. Mama mkwe kajisifu kwamba ametusafishia uwanja: ile takataka ya ukutani kampa bure mnunuzi wa vyuma chakavu. Mke wangu kaniangalia. Mimi nikavimba kifua. Nimemlaghai mama mkwe, mwanamke anayemshika muuza nyanya uongo akiwa bado mlangoni! Masikini, kaomba radhi, kasema, baba, twende sasa hivi tukamweleze yule bwana. Nimekataa. Mali hairudi kwa kuombwa. Kesho naivamia yadi ya huyo mnunuzi.

Ijumaa, 10 Mei
Nimeukwea ukuta wa nyuma, mkoba wenye kiti mgongoni. Suruali ikanasa kwenye bati. Nikaning'inia. Mwenye yadi akanisalimia vizuri kutoka chini, akauliza, bosi, kwani geti lina nini? Lilikuwa wazi. Mke wangu na mama yake walishapita hapohapo. Baiskeli ilishaoshwa, matairi yamejaa, na mwenye yadi alikuwa akiwapa pole, eti mwenyewe aliona aibu kuichukua, aliogopa itamharibia jina. Mke wangu akanyoosha mkono juu. Akasema, mume wangu, usihangaike kushuka, nirushie tu hicho kiti. Nikarusha. Akakifunga, akapanda, mama mkwe akakaa kwenye keria, wakaenda zao. Mwenye yadi ndiye aliyeniletea ngazi, baada ya kumaliza kucheka. Operesheni imefanikiwa! Bila kiti nilichokilinda kwa mwili wangu, wangefika wapi?

Jumapili, 12 Mei
Sare zilifika jana kwa wakati. Mwalimu mkuu kaahidi kazi ya muhula ujao. Pongezi nimejipa mwenyewe, kwa kuwa wengine wamesahau. Mke wangu kanunua kufuli kama la kinyozi, na ufunguo kautia shingoni mwake. Sawa. Mlinzi hodari huangalia mbele. Cherehani! Iko dirishani, inang'aa, kila mpita njia anaiona. Mke wangu ametoka na mama yake kutembea. Nimeshaifungua yote. Kila kipande nimekificha mahali pake, vile vidogo mbali zaidi. Wapi, siandiki hapa. Mwizi naye anajua kusoma. Nimejaribu kukumbuka vichache viko wapi, nikashindwa. Ulinzi ndio huo!