Maji ya Mkonge ya Asheri

Mwaka 1954 mjini Tanga, Asheri alikuwa na kazi moja tu ya kudumu, nayo ni kuongea. Zamani alikuwa karani wa shamba la mkonge, kazi nzuri kabisa, mpaka siku alipomuuzia mpishi wa meneja baiskeli ya meneja. Tangu hapo aliishi kwa ulimi wake, na ulimi ulimlisha vizuri kuliko kalamu.

Asubuhi moja katika soko la Ngamiani akamwona Bi Mwanasiti anasuka ukili wa mkeka. Akasimama palepale. Mjane huyu wa Pangani, aliyehamia Mabawa kwa dada yake, alijulikana na mtaa mzima kwa mikono yake. Miaka minne vidole vilivimba na kupinda, ikawa uji analishwa. Leo vidole vilevile vinakimbia kwenye ukili, na mashavu yake yamejaa yakawa duara kama sahani.

"Shikamoo, Bi Mwanasiti. Mikono imepona?"

"Marahaba, mwanangu. Haijapona, imetulia. Daktari wa hospitali ananijaribia vidonge, vinaitwa kortizoni."

"Vya baridi yabisi?"

"Dresa Luka, msaidizi wa daktari, anasema si baridi, wala si jini. Baadhi ya madaktari wanadhani mwili unajigeukia wenyewe. Ni kama askari waliowekwa walinde nyumba, wanampiga mwenye nyumba. Kidonge kinawatuliza." Bi Mwanasiti alipenda kueleza, miaka minne hakuwa na kingine cha kufanya ila kusikiliza na kuuliza. "Kuna daktari huko Marekani aliona mgonjwa kama mimi akiugua manjano, au akiwa mja mzito, maumivu yanapungua. Akatafuta miaka ishirini mwilini kuna nini kinacholeta nafuu ile. Walipokipata, wakawa wanakitengeneza kwa nyongo ya ng'ombe. Ng'ombe wengi, dawa kijiko. Sasa Waingereza wanahangaika wakitoe kwenye maji ya mkonge."

Katika elimu yote hiyo, Asheri alisikia maneno mawili: maji, mkonge.

"Na vidonge vikiisha?"

"Vimebaki vya wiki mbili. Hospitali hawana vingine. Vinauzwa Mombasa, kwa bei ya ng'ombe mzima." Akaitazama mikono yake. "Vikiisha, nitarudi kulishwa."

Asheri alisikitika sana, kwa muda uliomtosha kuvuta kigoda. Kisha akamweleza mpango wake. Kulikuwa na Mzee Kombo, mwenye nyumba za kupangisha. Bi Mwanasiti angekwenda kwake, aoneshe mikono, aseme imetulizwa na dawa ya Asheri ya maji ya mkonge. Kombo angenunua siri ya dawa, na Bi Mwanasiti angepata robo.

"Na wagonjwa wakiinywa?"

"Hatumuuzii mgonjwa. Tunamuuzia Kombo."

Bi Mwanasiti alisuka mistari mitatu kabla ya kujibu. "Haya. Twende Alhamisi."

Kombo hakuwa na maumivu ya viungo. Huyu ni bwana aliyempandishia mpangaji kodi siku ya arobaini ya mumewe, tena baada ya kula pilau ya hitima. Lakini alijua vizuri ni watu wangapi mjini wanaoamka wakiugulia magoti, na moyo wake mwema ulitaka kuwahudumia wote, mmoja mmoja, kwa malipo.

Asheri alifika na kreti la chupa zenye maji ya kijani aliyoyakinga chini ya mashine ya mkonge. Chupa moja tu ilikuwa na maji ya matembele yaliyochemshwa na sukari. Hiyo alimpa Bi Mwanasiti, akainywa kwa madaha barazani mbele ya mwenyeji. Kombo akamletea sindano na uzi. Bi Mwanasiti akatunga mara moja.

"Subhanallah," alisema Kombo. Hakuwa akiona uzi. Alikuwa akiona foleni.

Asheri akafungua mdomo ataje bei. Kombo akamzuia, akachomoa chupa nyingine katikati ya kreti, akaizibua.

"Kwanza kunywa na wewe. Mimi sinunui kitu ambacho mwenyewe anakiogopa."

Ndugu msomaji, maji ya mkonge yakigusa mkono, mkono unawasha mpaka jioni. Asheri aliyajua hayo. Lakini alijua pia kwamba akikataa, mpango umekufa. Akapiga mafunda mawili, akatabasamu. Tabasamu lilidumu kidogo. Halafu machozi yakamtoka, midomo ikavimba, na shingo ikatoka vipele.

"Analia nini?" aliuliza Kombo.

"Furaha," akajibu Bi Mwanasiti.

"Haya, Bwana Asheri, bei?"

Asheri akajaribu kusema. Kikatoka kitu kama mlio wa mlango usiotiwa mafuta. Ulimi uliomlisha miaka yote umejaa kinywani, haugeuki.

Bi Mwanasiti akavuta kanga yake, akakaa vizuri. "Mzee Kombo, huyu ni mpishi wangu tu. Dawa ni yangu."

Asheri akarusha mikono yote miwili.

"Anasema tusicheleweshe," akafasiri Bi Mwanasiti, akataja bei iliyomfanya hata Asheri atulie kwa heshima. Kombo akaingia ndani, akatoka na bunda la noti.

"Sharti moja," akasema mama, akilifunga kwenye pindo la kanga. "Niliyokunywa mimi imeiva, hii bado mbichi. Ikae uani kwenye mapipa miezi sita, ikorogwe kila siku. Mgonjwa yeyote asiionje kabla, itamuua, na atakayenyongwa ni mwenye mapipa. Mpishi ndiye anayejua ilipofikia, kwa kuonja kijiko kila asubuhi. Usimwache aondoke."

"Haondoki," alisema Kombo, akamwita mlinzi wa Kimakonde aliyejaza mlango.

Basi la mchana lilimchukua Bi Mwanasiti mpaka Mombasa. Mwenye duka la dawa alimweleza bila kumficha: vidonge hivi vinatuliza, haviponyi, vinanenepesha uso, vikizidi vinaila mifupa, asivimeze bila daktari, wala asiviache ghafla. Bi Mwanasiti aliuliza maswali kumi na moja. Kisha akalipa, akarudi Pangani kwao, na kila mwezi akasafiri kwenda kumwona daktari Tanga, kwa njia iliyo mbali na barabara ya Kombo. Mikeka yake ilipata wateja.

Sauti ya Asheri ilirudi siku ya nne. Aliamka uani, kando ya mapipa, akajisikia anakohoa kama binadamu. Maneno yote yakamjia kwa mpigo, mazuri, yamepangika: kwamba dawa ni uongo, mapipa hayana kitu, mama yule ametapeli. Akayapanga mpaka akafika mahali pa kueleza yeye mwenyewe alikuwa nani katika habari hiyo, akayaona yanaelekea moja kwa moja jela.

Kombo akatokea na kijiko. "Naona unaweza kusema sasa. Haya niambie kweli, Bwana Asheri. Dawa ni nzuri?"

Asheri akamtazama mlinzi, akalitazama pipa.

"Nzuri sana, Mzee," akasema, akapanua mdomo.