Vyuma Visivyoonekana vya Jimmy Mwaro

Jimmy Mwaro alikuwa ameegemea kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Malindi, hanunui kitu kama kawaida yake, aliposikia mteja akiuliza jambo ambalo mtu mwenye akili haliulizi kwa sauti.

"Mko na ile vyuma ya kushikilia rafu, lakini yenyewe haionekani?"

Mwenye duka akamuuliza mbao zake zina uzito gani. Mteja hakujua. Akamuuliza ukuta wake umejengwa kwa kitu gani. Mteja akasema ni ukuta tu, wa nyumba. Mwenye duka, aliyekuwa mwaminifu na kwa hiyo maskini, akamwambia aende akapime kwanza ndipo arudi.

Jimmy akageuka taratibu, kama paka aliyesikia samaki akiparwa magamba. Akatupa jicho nje. Palikuwa na pikapu, na nyuma yake zimelala mbao nne za mbambakofi, nene, nyekundu iliyoiva hadi kukaribia weusi, kila moja ya kubebwa na wanaume wawili walioshiba. Mbao za namna hiyo siku hizi hazionekani ila kwenye milango ya watu waliokufa. Jimmy alimjua mtengeneza samani wa Mombasa ambaye angezichukua bila kuuliza zilikotoka, na angetoa kiasi cha kumhamisha Jimmy kutoka chumba chake cha mtaa wa Barani asirudi tena.

Lakini hasa kilichompiga ni lile neno, "haionekani". Jimmy alikuwa ameuza mengi. Aliuza viwanja ambavyo maji ya bahari yakijaa havipo. Aliuza dawa ya mchwa iliyokuwa maji ya chumvi kutoka Marereni, na mchwa wakanenepa. Ila hajapata kuuza kitu ambacho mnunuzi mwenyewe anaomba asikione.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema, mkono kifuani. "Injinia Mwaro. Rafu za kuelea ndiyo kazi yangu."

Huyo mzee aliitwa Thuku. Alikuwa karani wa benki huko bara, akastaafu, akanunua nyumba Malindi ili ale upepo, kwa kuwa upepo hauna bei. Mkono wake ulikuwa mgumu kufunguka kuliko chaza. Alichokipenda duniani ni vichwa sita vya cherehani vya chuma, alivyoachiwa na babake aliyekuwa fundi wa nguo na kulea watoto tisa kwa vyerehani hivyo. Alitaka vikae sebuleni, juu ya rafu zinazotoka ukutani bila miguu wala mikono, kama alivyoona kwenye simu.

"Vizito?" Jimmy aliuliza.

"Kimoja nikibeba, mgongo inalalamika siku mbili."

"Basi nisikilize, mzee. Rafu nzito haishikwi na maombi. Chuma kinaingia ukutani shibiri nzima, na shibiri nyingine kinatokeza. Ubao unatobolewa kwa nyuma, unavishwa kwenye chuma kama soksi kwenye mguu. Na kuta zetu huku ni za matumbawe. Ukipiga vijimsumari vya dukani vitang'oka na plasta yake. Lazima uipite plasta, ulipite jiwe laini, ulifikie jiwe lenyewe."

Yote hayo yalikuwa kweli. Jimmy aliyasikia kwa fundi mmoja wa Mtwapa, aliyemfukuza kazi wiki ya pili. Mwongo hodari hatii uongo mwingi. Anautia kama chumvi.

"Na gundi je?" Thuku aliuliza.

"Gundi!" Jimmy alicheka kwa huruma. "Gundi ni ya madaftari ya watoto, mzee. Kwangu ni chuma na jiwe, basi. Na vyuma ninavyo, vya Kitaliani, vilivyotoka kwenye jumba fulani." Akashusha sauti. "Vilitoka kwa mlango wa nyuma, unanielewa?"

Hapo mtu mwenye heshima yake angeaga. Thuku alikuna kidevu.

"Sasa kwa vile ni ya wizi," alisema, "si utanipunguzia?"

Basi wakaelewana. Thuku akatoa pesa za vyuma papo hapo, za ufundi zikangoja kazi iishe. Wajinga wawili wakipeana mikono, kila mmoja huhesabu vidole vyake pekee.

Nyumbani kwa Thuku, mpishi wake, Kabibi, mwanamke wa Rabai, alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi. Aliziona mbao zikishushwa, akasimamisha mkono.

"Mbao hizi alizipasua marehemu mume wangu," alisema, kama anayeiambia nazi. "Alikuwa fundi wa yule aliyekuwa na kiwanja hiki zamani. Mti alipewa badala ya mshahara. Akaziacha hapa zikauke, aje anitengenezee meza za mkahawa. Yeye ndiye aliyetangulia kukauka."

"Kabibi, tulimaliza hiyo maneno," Thuku alisema. "Mimi nilinunua kiwanja na kila kitu iko ndani. Karatasi iko."

"Sikukataa karatasi, baba. Na geti lina askari, ningezipitisha wapi?"

Jimmy hakusikiliza. Mpishi na hadithi za marehemu, nani ana nafasi? Alikuwa anapima ukuta kwa kamba ya kiatu.

"Mbao lazima ziende karakana," alitangaza. "Zitobolewe kwa mashine."

"Karakana ya wapi, fundi?" Kabibi aliuliza.

"Barani, kwa Gona."

"Gona wa nani?"

"Gona wa misumeno, mama. Mimi siulizi mtu ni wa nani, nauliza anajua nini."

Mtu aliyezaliwa Pwani akafika utu uzima bila kujua faida ya kuuliza fulani ni wa nani hastahili kuachiwa hata kuku awalinde. Kabibi alimtazama kitambo, akarudia nazi yake.

Mbao zikatoka getini mchana kweupe, kwa pikapu ya mwenyewe, askari akipiga saluti. Huko Barani zikafungiwa ndani ya karakana. Gona, seremala mpole asiyependa maneno, akatengeneza masanduku manne ya plaiwudi, matupu ndani, akayapaka rangi ya mbambakofi hadi mtu angeapa ndiyo yenyewe. Kila moja lilikuwa na uzito wa kuku aliyekonda.

"Tukiyabeba watajua," Gona alisema.

"Tutaugua," Jimmy alisema. "Uzito haumo kwenye mzigo, Gona. Umo usoni."

Siku ya kazi wakayaingiza masanduku moja moja, mtu huku na mtu huku. Jimmy aliugua kama mwanamke wa uchungu wa kwanza. Alijipaka maji shingoni yakawa jasho. Alipiga magoti, akaomba dakika ya kupumua, akamwita mamake. Thuku, aliyekuwa anafuta vyerehani vyake kwa mafuta ya taa, alimhurumia mpaka akafikiria kumpa soda, kisha akalishinda wazo hilo.

Mlangoni pa jikoni Gona alisita. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Adabu njema, Jimmy aliwaza. Kijana ana adabu. Na hapo hapo simu ya Gona ikalia, na kijana mwenye adabu akaipokea, akazungumza na mtu kuhusu misumari huku ameshika ncha yake ya ubao wa mbambakofi kwa vidole viwili.

"Fundi," Kabibi alisema, "mwenzako mkono wa pili ameupeleka wapi?"

"Gona ana nguvu za kuzaliwa nazo!" Jimmy alifoka, akaugua kwa wote wawili.

Wakafunga mlango wa sebule, "siri ya kazi". Jimmy akanguruma na drili dakika arubaini, akitoboa hewa. Kisha wakayapachika masanduku kwa gundi na misumari minne kila moja. Mlango ulipofunguliwa rafu zilikuwa zinaelea, nyoofu, zimetulia. Thuku alizitazama mpaka miwani ikaingia ukungu.

"Vyuma iko wapi?"

"Huvioni?"

"Sivioni."

"Basi kazi imekamilika," Jimmy alisema.

Gona akaaga, eti drili ni ya kuazima na mwenyewe anaingoja. Jimmy naye alikuwa anahesabu njia: achukue ujira wake, alale Barani, alfajiri mbao ziko Mombasa. Lakini Kabibi alikuwa ametandika mkeka chini ya rafu, na katikati ya mkeka sinia la pilau linafuka.

"Kwetu," alisema, "fundi halipwi mpaka ale chini ya kazi yake. Akipaua, hula chini ya paa. Mume wangu alikula chini ya kila alichokijenga, na alikufa kwa malaria."

"Mimi nimeshiba, mama."

"Hiyo mila nimeipenda," Thuku alisema. "Keti, injinia. Nipange vyerehani ukikula."

Jimmy akaketi. Angefanya nini? Akachota tonge, lakini macho yake yalikuwa juu kama ya mtu anayeusubiri mwezi wa Idi. Thuku akaja na kichwa cha kwanza, amekikumbatia kama mtoto, akakiweka. Rafu ikatoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyagwa akaona haya kusema.

"Ni mbao, zinazoea," Jimmy alisema, na pilau mdomoni.

Cha pili kikawekwa. Unga wa plasta ukamwagika juu ya sinia, ukatulia juu ya nyama.

"Mzee, mzee wangu, viwili vinatosha kwa leo! Gundi haijakauka!"

Thuku alisimama na cherehani cha tatu mikononi.

"Gundi?" Kabibi aliuliza kwa upole. "Si ulisema ni ya madaftari ya watoto?" Akaokota kibuyu cha maji. "Ngoja nikuletee maji ya kunawa, fundi." Akatoka.

"Gundi gani?" Thuku aliuliza, na kwa kuwa mikono ilikuwa imechoka, akakitua cha tatu juu ya rafu huku akiuliza.

Jimmy hakumaliza kujibu. Rafu ilishuka na kipande cha ukuta. Cherehani kimoja kilitua katikati ya sinia, kingine kilitua kati ya mapaja yake, mahali ambapo shibiri moja zaidi ingemaliza ukoo, na cha tatu kikamsalimia bega. Pilau ilifika darini. Sanduku lilipasuka, na ndani yake hamkuwa na mbambakofi wala chuma wala Mtaliani. Mlikuwa na kalamu ya seremala, imesahauliwa.

Vyerehani havikuvunjika. Vilikuwa chuma kweli.

"Kabibi!" Thuku alinguruma. "Leta kamba!"

Kabibi hakuitika. Jikoni kibuyu kilikuwa kimewekwa kando ya bomba, na kanga yake ya kazini imekunjwa vizuri juu ya mbuzi ya nazi.

Jimmy, ameshikwa ukosi, aliimba yote kabla hajaulizwa. Mbao ziko, mzee, ziko salama, twende Barani ukazichukue! Wakaenda kwa pikapu. Karakana ilikuwa wazi, imefagiwa. Jirani, mama muuza mahamri, akawaeleza bila kuacha kukanda unga wake.

"Gona? Amehama sasa hivi, na lori. Na shangazi yake, dada wa babake. Yule mama alikuja mara mbili tatu wiki hii, wakakaa wakizungumza. Nikawauliza mbao nzuri hivi mnapeleka wapi, akasema zinarudi kwao Rabai. Akasema pia, akija mtu anaitwa injinia, mwambieni ahsante kwa kunipitishia getini."

Thuku alitaka kwenda polisi. Alifika hadi kwenye ngazi ya kituo. Hapo akakumbuka kwamba ataulizwa habari za vyuma vya Kitaliani vilivyotoka kwa mlango wa nyuma, na ni nani aliyeomba apunguziwe. Akarudi kwenye pikapu, ambamo Jimmy alikuwa amefungwa kwenye usukani kwa mkanda wa suruali yake mwenyewe.

Thuku alichukua kitambulisho cha Jimmy, simu yake na viatu vyake. Akamwambia atavipata siku vichwa sita vya cherehani vitakapokaa ukutani, na Jimmy chini yake, siku saba, anakula na kulala.

Mtu akijua atalala chini ya kazi yake huwa fundi ghafla. Jimmy alizirudisha pesa za vyuma, zikanunua mbao za mwembe na vyuma vya kujengea. Akatoboa. Akaipita plasta. Akalipita jiwe laini, akalifikia jiwe lenyewe, na kwa kuwa aliwaza juu ya mapaja yake, akaendelea.

Rafu hizo ziko mpaka leo, na hazijatikisika. Ukisimama sebuleni kwa Mzee Thuku huoni chuma hata kimoja. Ila ukipita njia ya nyuma ya nyumba, utaviona vyote kumi na viwili, vimetokeza nje ya ukuta shibiri nzima, na majirani wamevianikia nguo.