Makofi ya Kilo kwa Jibu la Waziri

Leo nimetolewa bunge la kaunti nikishikwa mkono kama mtoto aliyepotea sokoni.

Ngojeni. Msianze kucheka, hata sijafika mahali pabaya.

Wengi wenu mnanijua. Kwa wale hamnijui, mimi ni MC. Naishi Kitale, na kama umeoa, umezika ama umefanya harambee popote kati ya Moi's Bridge na Chwele, pengine ulinisikia nikikohoa kwenye maiki. Nyumbani kwetu ni kijiji kimoja hapo kati ya Kitale na Bungoma. Upande gani wa mpaka sitasema, kwa sababu natafuta riziki kaunti zote mbili.

Sasa, kijijini kwetu kuna dispensari. Nzuri kabisa. Mabati ya kijani, veranda iko, hata maua yamepandwa. Kitu haina ni nesi. Aliyekuwepo alihamishwa, na wa kuchukua nafasi yake tunamngoja mpaka leo. Na hapo kijijini ndipo anaishi Kukhu wangu. Kukhu ni nyanya kwa lugha yetu. Huyu ndiye alinilea tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni. Ana presha. (Husema ni mimi nilimpa. Tusiingie huko.)

Bila nesi, Kukhu lazima apande boda mpaka mjini ndio apimwe, kisha ndio apewe dawa. Juzi kwa mvua boda ikateleza, akaenda chini kwa matope na nguo yake ya kanisa. Hakuvunjika, lakini ameapa boda hapandi tena. Nikimwambia nitakuja nimpeleke kwa gari la rafiki, ananijibu, "Uache kazi ya watu kwa sababu ya mkono wangu kufungwa mpira wa presha?"

Halafu siku moja nikafika bila kusema. Nikamkuta jikoni anakata tembe kwa kisu cha mboga. Katikati. Nusu ya leo, nusu ya kesho, ndio zisiishe haraka. Aki niliumia. Nilitoka nje nikajifanya naangalia ng'ombe.

Kwa hivyo nilimtafuta mwakilishi wetu wa wadi. Ni mama mfupi, haogopi mtu. Nilimpata kwa matanga nikiwa kazini, nikamnong'oneza shida ya Kukhu huku nikisubiri kwaya imalize.

"Wafula," akaniambia, "kulia tumelia vya kutosha. Hii sasa naiandika."

Mimi nilidhani anaandika WhatsApp. Kumbe ni swali! Mheshimiwa anaandika swali kwa waziri wa afya wa kaunti, karani wa bunge analipokea, Spika analikubali, waziri anatumiwa, na siku ikifika lazima asimame mbele ya bunge lote ajibu. Hapo hawezi kusema simu yake ilikuwa "mteja hapatikani".

"Lakini jibu la kwanza huwa tamu tu," mheshimiwa akanieleza. "Hilo ameandikiwa na ofisi. Mimi nangojea swali la nyongeza. Hapo nitamuuliza kitu kimoja: nesi anakuja siku gani? Siku, Wafula! Na hapo hatakuwa na karatasi ya kusoma."

Siku yenyewe ndiyo leo.

Asubuhi nilitoka Kitale nikiwa nimevaa suti na tai yangu ya manjano. (Kumbukeni hiyo tai.) Nikampitia Kukhu. Alikuwa tayari mlangoni, kitambaa kichwani, mkoba kwapani. Majirani nao wakajaa kwa lori la mahindi la jirani yetu, wote wakitaka kusikia dispensari yao ikitajwa bungeni. Mlangoni askari wa bunge akatusomea sheria. Simu zima. Usiongee. Usipige makofi. Mgeni akivunja sheria anatolewa.

Na nani aliwatafsiria wanakijiji hizo sheria, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya kazi, kidole kikiwa hewani?

Mimi.

"Jameni, hapa si harambee," niliwaambia. "Leo mikono ikae mapajani."

"Tumesikia, MC," wakajibu.

Hapa lazima niwaeleze makofi ya kilo, kwa wale mlizaliwa Nairobi. Mgeni akimaliza kuongea, mimi nasema "Kilo!" na watu wanapiga makofi matatu mazito. Nikisema "Mpelekeeni!" wanamrushia kwa mikono miwili. Mgeni anayadaka hewani na kuyaweka kifuani. Na ukishayadaka, bana, huketi. Unasema ahadi yako, na siku utakayoileta. Hakuna cha "nitaona". Nimewahi kuona mzee akiahidi ng'ombe ambaye hakuwa naye, kwa sababu tu alikuwa ameshadaka.

Na ni lazima makofi yaje haraka. Mgeni akimaliza kuongea halafu pakawa kimya, hiyo ni aibu ya MC. Mimi kimya baada ya hotuba kinaniwasha mwili mzima. Ni kazi imeniharibu, si mimi.

Basi tukaketi juu huko kwa wageni, Kukhu kando yangu. Alinishika mkono. "Wafula," akanong'ona, "watasema jina langu?"

"Hapana Kukhu. Watasema dispensari tu."

"Afadhali. Nisije nikaitwa mbele."

Zamu yetu ikafika. Mheshimiwa akasimama, akasoma swali lake vizuri, polepole. Je, waziri anafahamu kwamba dispensari hiyo haina muuguzi? Je, ni hatua gani zimechukuliwa? Nilisikia fahari mpaka kooni. Shida ya jikoni kwa Kukhu, ile ya kisu cha mboga, sasa inasomwa mbele ya rungu la bunge!

Waziri naye akasimama. Mtu mpole, wa makamo, miwani puani. Akafungua karatasi.

"Bwana Spika, serikali ya kaunti inafahamu suala hilo. Mipango iko mbioni kuhakikisha kwamba muuguzi atapatikana wakati unaofaa. Nashukuru, Bwana Spika."

Akakunja karatasi.

Kimya.

Mheshimiwa alikuwa anavaa kiatu. (Alikuwa amekivua chini ya meza, baadaye alikubali.) Spika alikuwa anageuza ukurasa. Hakuna mtu alikuwa anasema kitu. Moja. Mbili. Nikaanza kuwashwa. Miguu ikanisimamisha yenyewe. Nawaapia, mdomo ulifunguka bila kuniuliza.

"NA HUYO NDIYE WAZIRI WETU! KILO!"

Wanakijiji wangu, watu waaminifu, watu ambao hawajawahi kuniangusha hata kwa mvua:

PA! PA! PA!

Si ningenyamaza hapo? Wapi!

"MPELEKEENI!"

Wakamrushia! Safu mbili nzima, mikono miwili, kutoka juu mpaka chini kwa waziri. Fuuuu! Na waziri (mtaniambia nadanganya) akanyoosha mikono, akayadaka, akayaweka kifuani. Kisha ndio akakumbuka yuko wapi.

Bunge likalipuka kwa kicheko. Spika anagonga meza. "Utaratibu! Utaratibu!" Mheshimiwa amesimama na kiatu kimoja, ameinua mkono, anaita, "Bwana Spika! Swali la nyongeza!" Naye waziri, akitabasamu, akasema yale maneno yatakayonifuata mpaka kaburini:

"Bwana Spika, nadhani wananchi wenyewe wameshaonyesha wameridhika."

Spika akasema fujo imetosha, muda umekwenda, swali linalofuata. Hivyo tu. Swali la nyongeza likafia hapo. Mheshimiwa akainua macho akaniangalia jinsi mama anavyomwangalia mtoto aliyejikojolea kanisani.

"Na yule bwana wa tai ya manjano," Spika akaongeza, "atolewe."

Kila mtu aligeuka. Hakukuwa na tai nyingine ya manjano bunge zima. Nilijaribu kuifunika na mkono lakini askari alikuwa ameshafika. Akanishika kiwiko. Kukhu naye akasimama.

"Mama, wewe kaa tu," askari akamwambia. "Hujafanya kitu."

"Huyu nimemlea mimi," Kukhu akasema, na alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Spika. "Kama anatoka, tunatoka wote."

Tukashuka ngazi watatu, askari mkono huu, Kukhu mkono ule. Mpiga picha mmoja akatupiga. (Mkiiona hiyo picha, tafadhali, msiitume kwa group.)

Nje tukaketi kwenye ukuta mfupi karibu na magari. Sikuweza kumwangalia. Nimesimamia harusi za watu, nimesimamia maziko ya watu, na siku moja tu ya Kukhu, siku moja ambayo nilitakiwa kukaa kimya, nimeiharibu kwa mdomo huu huu.

"Kukhu, nisamehe. Nilikuona ukikata dawa. Nilitaka mtu mkubwa akujibu. Sasa nimempigia makofi kwa kutojibu."

Halafu nikasikia ukuta unatikisika. Kuangalia, Kukhu anacheka! Anacheka mpaka kitambaa kimeteleza kichwani, machozi yanatoka.

"Umeona alivyodaka?" akaniuliza. "Wafula! Aliyadaka yote!"

"Kukhu, si mambo ya kucheka."

"Yule mtoto ni wa huku. Mtu wa mbali hawezi kudaka hivyo."

Kabla sijamjibu, mlango ukafunguka, waziri akatoka, anaelekea kwa gari lake. Nyuma yake mheshimiwa, viatu vyote miguuni sasa, anakuja moja kwa moja kwangu na sura ya kuua. Mimi nikaanza kutafuta mahali pa kujificha. Kukhu yeye akajifunga kitambaa vizuri, akaita.

"Mwanangu! Si wewe umepigiwa makofi?"

Waziri akasimama. Alidhani anapongezwa, nafikiri. Akaja, akainama kidogo, akamsalimia kwa mikono miwili kama mtu aliyelelewa. "Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Yalikuwa ya kilo?"

"Ya kilo," akasema, akacheka.

"Na ukadaka."

Kicheko kikapungua. "Nilidaka, mama."

"Basi mbona uliketi?"

Mheshimiwa aliyekuwa amefungua mdomo anitukane akaufunga. Dereva wa waziri akaangalia pembeni. Waziri akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mtu wa huku ni mtu wa huku, hata umpe bendera kwa gari. Alijua kabisa ameulizwa nini.

"Ni kweli, mama," akasema taratibu. "Sikusema siku."

Kukhu akafungua mkoba, akatoa leso iliyofungwa fundo. Ndani kulikuwa na tembe zake, zile nusu nusu, kingo zimekatika vibaya, unga umebaki kwa kitambaa. Hakumgombeza. Alimwonyesha tu, vile ungemwonyesha mtu mahali unapoumwa.

"Hii ni ya leo. Hii ya kesho. Mimi naogopa boda, mwanangu. Nilianguka."

Sikujua alikuja nazo.

Waziri akainama kuziangalia. "Mama yangu pia ana presha," akasema. Halafu akatoa simu, akapiga hapo hapo, akasogea kando akaongea na mtu wa ofisini. Aliporudi alisema, "Jumatatu. Kuna muuguzi wa kuja kwa muda huku tukitafuta wa kukaa. Jumatatu atakuwa hapo."

"Asubuhi ama jioni?" Kukhu akauliza.

"Asubuhi, mama."

"Sasa unaweza kuketi," Kukhu akamwambia, na akamfungulia mlango wa gari lake yeye mwenyewe.

Gari likaondoka. Mheshimiwa alikuwa anaandika kitu kwa simu.

"Mheshimiwa," nikasema, "si ameshajibu?"

"Amejibu kwenye maegesho," akasema bila kuinua kichwa. "Kwa kumbukumbu za bunge bado mmeridhika. Naandika swali lingine. 'Je, waziri anaweza kueleza kama yule muuguzi wa Jumatatu alifika?' Na la huyo muuguzi wa kukaa pia naliandika. Na wewe, Wafula..."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Siku ya kujibiwa, kaa Kitale."

"Kukhu yeye anaweza kuja?"

"Huyo nitampelekea gari."

Sasa niko jikoni kwa Kukhu, nawaandikia. Lori liliporudi wanakijiji walipita hapa wakiuliza kama makofi yao yalikuwa sawa. Nimewaambia yalikuwa sawa kabisa, shida ni MC. Wamenisamehe, ila mmoja anasema harusi ya binti yake ataifikiria upya. Sijui kama huyo nesi atakuja. Nitakuwa pale verandani Jumatatu kabla jogoo hajaamka, na kama hakuna mtu, mheshimiwa ana swali lake tayari.

Kukhu amemaliza ugali. Amefungua leso, akachukua nusu, akaifikiria, akachukua na nusu ile nyingine. Amezimeza zote mbili pamoja, dawa nzima, akashushia na maji.

Nyinyi chekeni tu, nimeruhusu. Mimi siwezi hata kuandika vizuri, mikono yote nimeikalia nisije nikapiga makofi.