Malalamiko Dhidi ya Mjomba Anayekataa Kuwa Marehemu

MAHALI PEMA
Majeneza na Huduma za Mazishi
(Nyuma ya gereji, mlango wa bluu)

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, ingawa hilo hasa ndilo linalonifanya nikuandikie.

YAHUSU: KUENDELEA KWAKO KUONEKANA HADHARANI

Kabla sijaingia kwenye malalamiko yenyewe, niruhusu nieleze jambo hili lilivyoanza, maana nasikia unalisimulia kwa ndugu kwa namna ya kunipaka matope.

Biashara ya siku hizi bila tovuti ni duka lisilo na mlango. Nilimtafuta fundi wa tovuti, dada mmoja mwenye heshima zake, akaniambia yeye anajenga kurasa tu. Picha na maneno nilete mwenyewe, ama nimlipe mpiga picha na mwandishi. Nilicheka. Nilipie picha, wakati picha zimejaa mtandaoni kama vumbi la mbao humu karakanani? Akanionya kwamba picha nazo zina wenyewe, ila kuna mahali ambako wenyewe wameziachia watu wazitumie bure, nikatafute huko. Mimi si mkaidi, nikaenda. Nikaandika "mazishi". Nikaletewa watu wenye makoti mazito, wamesimama na miavuli kwenye theluji. Sasa mteja wangu akiona vile si ataniuliza bei ya barafu?

Ndipo nikafungua picha za kundi la familia. Nikakukuta wewe, kwenye harusi ya dada yangu mdogo, umevaa suti ya kijivu, umekunja uso kwa sababu ya vile viatu vya kuazima vilivyokuwa vinakubana. Mjomba, nisikufiche: uso ule ulikuwa umekaa kimarehemu. Nikakukata vizuri, nikakuzungushia maua, nikakuweka ukurasa wa mbele kuwa mfano wa tangazo la kifo tunalomtengenezea mteja. Chini kabisa nikaandika "Sampuli". Kama kuna watu walidhani Sampuli ni kijiji utakakozikwa, wakaanza kuulizana nauli, hilo ni tatizo la elimu yetu, si langu.

Maneno nayo niliyapata bure. Sifa za marehemu nilizitoa kwenye tanzia ya mzee mmoja nisiyemjua, Mungu amrehemu. Kauli ya mteja wetu niliitoa kwenye tovuti ya mkahawa: "Huduma nzuri sana, tutarudi tena na familia nzima." Dhamana niliitoa kwa wauza magodoro: "Usipolala vizuri, rudisha ndani ya wiki mbili ubadilishiwe." Watu wanacheka. Mimi sioni cha kuchekesha hapo. Godoro na jeneza vyote ni vya kulalia.

Baada ya utangulizi huo, malalamiko yangu ni haya:

1. Kutembea ovyo. Jumanne nilikuwa na mteja, bwana mstaarabu aliyefiwa na baba mkwe wake. Alikuwa ametulia kwenye benchi na simu yangu mkononi, amekufikia wewe, ameshaanza kusema kwamba angependa na baba mkwe atokee vizuri kama huyu mzee. Papo hapo ukasimama mlangoni, na suti ile ile, unafoka, unaniita jina ambalo ukikumbuka kuwa mama yangu ni dada yako, linakurudia mwenyewe. Yule bwana alikimbia kwa kupitia dirishani. Kiatu chake kimoja bado ninacho. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nawe Mjomba unajitembeza mno.

2. Kukanusha kifo bila adabu. Watu walikulilia. Mama Mkubwa aliandika pole ndefu, yeye ambaye hata siku ya harusi yako ya kwanza hakuandika neno. Yule mwenzako wa zamani wa bohari, ambaye hamsalimiani, aliandika kwamba ulikuwa mtu wa watu na kwamba amekusamehe yote. Badala ya kushukuru, ukatuma sauti kwenye kundi, unapiga kelele: mimi mzima, mimi mzima, na huyo wa bohari anirudishie ngazi yangu! Jamani, Mjomba! Mtu anakusamehe kaburini, wewe unafufuka kudai ngazi?

2(b). Hili ni la hapo hapo, lakini limeniuma kivyake. Umelalamika kwamba zile sifa si zako: mpole, mkarimu, mchache wa maneno. Hapo tunakubaliana. Lakini nilikupa bure, na mtu akipewa cha bure husema ahsante. Ndugu wawili watatu wamenieleza kwamba walikuwa wameshavaa waje msibani, ila walipofika kwenye "mkarimu" wakajua pana kosa, wakavua. Yaani kilichokuokoa na kifo ni ubahili wako, halafu lawama napewa mimi.

3. Mama mshonaji. Najua hapa ndipo penye kidonda, kwa hiyo nitaandika polepole. Ni kweli mlikuwa mfunge ndoa mwisho wa mwezi. Ni kweli kwamba aliona tangazo kwenye simu ya mteja aliyekuwa anampima, akalia na pini zake mdomoni mpaka watu wakahofia atazimeza. Na ni kweli kwamba alipofika mstari wa nne, "ameacha wajane wawili na watoto kumi na mmoja", machozi yalikatika. Sisi sote tunajua kwamba mkeo mmoja alishatangulia na kwamba hukujaliwa mtoto. Lakini yule mzee wa tanzia alijaliwa, nami sikutaka kuharibu maandishi ya watu.

Sasa ukimpigia hapokei. Amesema mpigaji kama si mzimu basi ni mwongo, na wote wawili hawaingii kwake. Nawe unanitaka mimi niende nikakiri kwa mdomo wangu kwamba maneno niliyaokota. Mjomba, nitaendaje? Nikikiri kwamba wajane ni wa kuokota, kesho wataniuliza mbao nimeokota wapi. Sikatai, nilipita kwako juzi, nikachungulia, nikaona umepaka chumba rangi mpya na mezani umeweka vikombe viwili. Niliumia, wallahi. Lakini huzuni za watu ndiyo kazi yetu, na mtu haendi kazini kuangusha kazi.

4. Kudai picha. Unasema picha ni yako kwa sababu uso ni wako. Naomba tutumie akili. Uso umerithi kwa babu. Suti alishona fundi. Picha alipiga shemeji. Chako hapo ni nini? Viatu ulivyoazima, na hivyo nilivikata. Kitu kikishaingia mtandaoni ni cha umma, kama upepo, anayepita anavuta. Tena picha haimpunguzii mtu kitu. Hukuchubuka, hukukonda, hata mvi ni zile zile. Mtu mzima kulilia picha ni utoto.

Kwa kuzingatia hayo yote, ninaomba kwa heshima na taadhima kwamba ukae ndani hadi nitakapopata marehemu mwingine wa kufaa. Ikikulazimu kutoka, pita njia ya nyuma, kule kwa mafundi wa magari, ambako kuna moshi na watu hawatazamani. Ukikutana na mtu anayekufahamu, mwambie wewe ni mdogo wake marehemu. Ndoa iahirishwe, mke hupatikana wakati wowote, ukurasa wa mbele mzuri haupatikani. Funika kombe mwanaharamu apite. Tena wahenga hao hao walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, nami ni mtoto wa dada yako wa tumbo moja. Sikuombi ufe, Mjomba. Nakuomba usionekane tu, basi.

Nisalimie Mama Mkubwa, majirani wote, na wale vijana walioanza kuchimba. Waambie nashukuru kwa moyo wao.

Ni mimi mpwa wako mtiifu,
Mkurugenzi Mtendaji, Fundi Mkuu wa Majeneza na Mhariri wa Tovuti

Nyongeza, kabla sijaifunga bahasha:

Mjomba, dunia imeharibika! Kuna mshenzi mmoja, muuza dawa ya bawasiri, ameingia kwenye tovuti yangu, akachukua ile picha yangu ya Mkurugenzi, ile niliyokaa kwenye kiti cha ofisi nimekaza uso kidogo ili nionekane mtu mzito. Ameiweka kwake bila hata hodi. Chini ameandika "Kabla ya kutumia dawa yetu". Halafu yakafuata maneno ya mateso yangu, eti sikai, silali, nimezunguka kwa waganga wote. Mimi! Nimempigia simu, ananijibu kwa upole kwamba kilichoko mtandaoni ni cha umma, na kwamba kwani nimepungukiwa nini. Uso wa mtu una mwenyewe! Hivi hawa watu hawana wazazi? Mke wangu amecheka mpaka akakaa chini. Wakwe zangu wameniletea mto wa kukalia. Mteja akiingia ananikaribisha kiti changu mwenyewe, kisha anakumbuka, anasema basi, simama tu, pole.

Ninampeleka mahakamani. Wakili anataka mtu mzima wa ukoo aape kwamba aliye pichani ni mimi na kwamba huku nyuma niko salama. Nikakutaja wewe. Akafungua tovuti yangu ili akufahamu, akatazama, akaweka kalamu chini, akaniambia shahidi lazima awe hai.

Kwa hiyo nimekuondoa ukurasa wa mbele. Nimekwenda pia kwa mama mshonaji, nimesimama katikati ya vitambaa vyake, nimewakana wajane wote wawili na watoto wote kumi na mmoja, mmoja mmoja, mbele ya wateja. Amenisikiliza hadi mwisho. Kisha amesema wewe uende, mimi nisirudi.

Basi vaa, Mjomba, uende kwake kwanza, halafu uje kwangu tumwone wakili. Na tafadhali pita barabara ya mbele, mchana kweupe, tena polepole, watu wote wakuone.