Jakuzi Bila Mfuniko

Redio, kinyozi ambaye habari humfikia kabla hazijatokea, alilipiga gazeti kwa kiganja.

"Sikieni hii! 'Mkutano wa maji safi wavunjika, wajumbe wajikuna mfululizo.' Watu saba, na Mkurugenzi wa Maji mwenyewe! Eti alisoma hotuba kwa mkono mmoja, wa pili uko mgongoni unafanya kazi nyingine!"

Benchi zima la kahawa likaangua kicheko. Fundi Bomba peke yake hakucheka. Alizamisha pua kwenye kikombe kama aliyedondosha kitu humo.

"Upele wa madaraka," alisema Karani, mstaafu wa mahakama. "Huo hauna dawa."

"Madaraka wapi! Jumamosi walialikwa kwa Mkurugenzi, wakaingia kwenye jakuzi lake," alidakia Redio.

"Jakuzi ndiyo nini?" aliuliza Mama Birika, muuza kahawa.

"Beseni kubwa la maji moto, mama. Watu wanakaa humo, yanachemka, wamejipanga kama viazi."

"Watu wazima? Pamoja?"

"Na kaptula."

"Afadhali umesema."

Redio akageuka polepole. "Bomba, si wewe unayelihudumia hilo jakuzi?"

Macho yote yakamhamia.

"Nilimwambia!" alifoka. "Nikasema, Mkuu, maji yapimwe dawa mara mbili kwa wiki, chujio lioshwe, na kila miezi mitatu yamwagwe yote. Na ukitoka, funika! Akaniambia, nikifunika, wageni watajuaje kama ninalo?"

"Mfuniko uko wapi sasa?"

"Mbwa anaulalia."

"Na dawa?"

"Mkewe alisema inanuka hospitali. Akatia manukato ya waridi, mapovu yakafika dirishani. Juzi nimetoa chura humo, akanitazama kama mpangaji anayefukuzwa bila notisi."

"Kisheria ana haki," Karani alisema. "Notisi ni lazima."

Simu ya Bomba ikaita. Mkuu. Redio akamnyang'anya, akabonyeza spika, akamrudishia.

"Bomba, mdogo wangu!" Sauti ilikuwa asali tupu. Mpaka jana alikuwa akimwita 'wewe'. "Waandishi wanakuja hapa saa nane. Njoo uwaambie ulizidisha dawa. Jambo dogo tu, litapita." Nyuma ya maneno zilisikika kucha: kwaru, kwaru, kwaru.

Bomba alikitua kikombe. Miaka kumi na sita mikono yake imekuwa ndani ya mabomba ya watu, na hakuna aliyewahi kulalamika. Akikubali, nani atamwita tena hata kuzibua sinki? Akikataa, huyu mtu anajulikana kila ofisi. Alimtazama Mama Birika. Mama alikuwa ameweka birika chini, amejishika kiuno, anasubiri kusikia Bomba ni mwanaume wa aina gani.

"Nitakuja, Mkuu," Bomba alisema. "Ila waandishi ni wambea. Nikitaja dawa, watauliza maji. Lita elfu mbili zimetoka wapi, wakati mtaani kwetu mabomba yanakohoa hewa wiki ya tatu? Na mimi kudanganya sijui. Nitajikuta nawaonyesha mpira wa kujazia jakuzi lako ulipochomekwa kwenye bomba kuu la mtaa."

Kucha zilisimama.

"Bomba."

"Naam, Mkuu."

"Usije."

"Sawa, Mkuu."

"Na mtu akikuuliza... sema ni mbu."

Simu ikakatika. Mama Birika akamjazia Bomba kikombe mpaka pomoni bila kuulizwa.

"Mbu!" Redio alipiga kelele. "Mbu gani hao, wanaacha mtaa mzima wanakwenda kuuma viongozi saba tu?"

Karani alikunja gazeti, akalitia kwapani, akainuka kwenda zake.

"Mbu wa upinzani," alisema.