Siku Gotu Ilipopandishwa Mlimani

Hii hutaamini, lakini mbuzi wote wa kijiji cha Gotu ni mashahidi: Alhamisi iliyopita, jua likiwa kali la kukaanga yai, Gotu ilitangazwa rasmi kuwa alpaini.

"Alpaini," akaeleza Bwana Mworia, Mkurugenzi wa Ofisi ya Vilele na Miinuko, akipanguza jasho, "ni neno la kisayansi. Ni ile sehemu ya juu ya mlima ambapo miti imekataa kumea. Sasa angalieni. Mnaona miti?"

Watu wakaangalia. Miti hakuna. Sayansi ikapita bila kupingwa.

Kabale, mama mfugaji wa hapo, hakuwa na ubaya na sayansi. Shida yake ilikuwa tangazo la pili la Mkurugenzi: mazingira ya alpaini ni nyeti, kwa hivyo mifugo yote ihame kabla ya jioni. Na mbuzi wake ndio unga, ndio karo, ndio yeye mwenyewe. Wahamie wapi?

"Na mlima uko wapi, mheshimiwa?"

"Mama, mlima ni utaratibu. Utafuata."

Nyuma ya Mkurugenzi, wageni wawili kutoka Nairobi waliokuja kuthibitisha hiyo alpaini walikuwa wanaandika. Kabale akawaangalia, akafikiria.

"Kwa hivyo hapa, kama mlimani, ni baridi?"

"Kali sana," Mworia akasema, jicho kwa wageni.

Sasa, wafugaji hawaachi mgeni na baridi yake. Hiyo ni aibu ya manyatta nzima. Mzee Boru, jirani, akawasha moto bila kuulizwa. Kabale akatoa blanketi nzito, akamfunika Mkurugenzi mpaka shingo.

"Pole baba, umeteseka. Boru, ongeza samadi. Kuni hatuna, si unajua ni alpaini."

Chai ya maziwa ya ngamia ikaletwa ikichemka. Mworia akanywa. Macho yakatoka.

"Bado baridi, mheshimiwa?"

"Ki… kidogo."

"Lete blanketi ya pili."

Mgeni mmoja akasogea na kalamu. "Mkurugenzi, tuandike baridi ya kiwango gani?"

Jasho likadondoka kwa kikombe.

"Joto," Mworia akasema polepole.

"Samahani?"

"Andika joto. Halafu nitoeni hapa."

Mgeni akalikata neno alpaini kwa kalamu. Kabale alikuwa ameshapiga mluzi, na mbuzi wakapita mbele ya Mkurugenzi wakienda malishoni, mmoja akisimama kidogo kuonja pindo la blanketi.

Sasa niambie: ungekuwa wewe ndani ya hizo blanketi, ungetetea alpaini mpaka blanketi ya ngapi?